Neno "Sundry" na Haki ya Kila Mmoja

Katika maneno ya Kiingereza niliyokutana nayo ujanani, yako mengi yaliyonipa kazi na machache yaliyonipa elimu. Lakini lililonipa mafunzo ya kudumu juu ya namna ya kuwatazama wanadamu wenzangu ni neno moja dogo, lisilo na fahari wala mshindo, ambalo wenye lugha yao hulitumia katika biashara, katika sheria na katika mazungumzo pasipo kulifikiria sana. Neno hilo ni "sundry". Ni neno la sifa, na maana yake ya leo ni mbalimbali, au anuwai, au kama wapendavyo kusema wazee wa pwani, kadha wa kadha. Hutumika pale ambapo vitu ni vingi, si vya namna moja, na msemaji hana nafasi au hana nia ya kuvitaja kimoja kimoja. Nimekusudia kueleza asili ya neno hilo, njia lilizopita na matumizi yake yaliyo sahihi, kisha niutoe wasia niliourithi kwa mtu aliyenifundisha kuliandika, kwa kuwa wasia huo unafaa kwa kila mwenye kushika kalamu, awe wa lugha hii au ile.

Nililipata neno hilo Tanga, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, nilipoajiriwa kuwa karani mdogo katika nyumba moja ya biashara iliyokuwa na bohari karibu na bandari na duka upande wa mbele. Tanga ya wakati huo ilikuwa mji wa katani. Meli zilitia nanga majini, na marobota yalipelekwa kwa matishari, na harufu ya nyuzi zile kavu ilikaa katika nguo za makarani kama ilivyokaa katika nguo za wachukuzi. Mmea wenyewe haukuwa wa nchi yetu. Uliletwa mwaka 1893 na mtaalamu Mjerumani, Richard Hindorf, aliyeagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani, nayo ikapitia Hamburg, na iliyosalimika ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache yalitoka mashamba yaliyoifunika nchi kutoka pwani hata kwenye miguu ya milima ya Usambara na mbali zaidi, na Tanganyika ikawa nchi ya kwanza duniani kwa kuuza katani. Naomba msomaji aiweke akilini hesabu hiyo ya miche 62, maana nitairejea mahali pake.

Katika leja zetu, kila mteja mkubwa alikuwa na ukurasa wake: shamba fulani la katani, mwenye duka fulani wa Muheza au wa Korogwe, nahodha fulani mwenye kuja kila msimu wa kaskazi. Lakini palikuwa na ukurasa mmoja ambao kichwa chake kilikuwa "Sundry Debtors", yaani wadaiwa wengineo, na huo ulikusanya wale wote ambao deni lao lilikuwa dogo au ambao hawakutarajiwa kurudi mara kwa mara. Upande wa matumizi nako palikuwa na safu ya "Sundry Expenses", iliyomeza wino, mafuta ya taa, nauli za matarishi, kamba, sindano za kushonea magunia, na kila kitu ambacho hakikupata safu ya peke yake. Utaratibu huu haukuwa wa nyumba yetu tu. Ndio uliotumika katika hesabu za wafanyabiashara wa Kiingereza popote walipokuwa, na mpaka leo mtu asomaye uhasibu hukutana nao mapema.

Aliyetusimamia alikuwa Karani Mkuu, mzee wa makamo ya mwisho, ambaye utotoni mwake, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alisoma katika shule ya serikali ya Wajerumani palepale Tanga, na akabaki na mapenzi ya kuchungua maneno yalikotoka. Ndiye aliyetuambia kwamba hela zetu zina jina la "Heller", sarafu ndogo ya Wajerumani, na kwamba shule yenyewe ni "Schule". Siku aliyonikabidhi leja ya wadaiwa wengineo, niliuliza kwa adabu neno lile la kichwani lilikuwa na maana gani hasa, naye hakunijibu kwa neno moja. Alisema, "Mwanangu, hili si neno la kuchanganya, ni neno la kutenga. Mjerumani husema 'sondern' akitaka kutenga, na husema 'besonders' akitaka kukitaja kitu kwa upekee wake. Mwingereza na Mjerumani wamenywa kisima kimoja."

Miaka ilipopita na kamusi zilipopatikana, niliona kwamba mzee yule alisema kweli tupu. Kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, Waingereza wa kale walikuwa na neno "syndrig", lenye maana ya kilichotengwa, kilicho peke yake, kilicho mahususi. Mzizi wake ndio uliozaa "asunder", ambalo humaanisha kuachana vipande vipande, na "sunder", ambalo ni kitendo cha kutenganisha. Na katika Kiholanzi nduguye ni "zonder", yaani pasipo. Basi hapo mwanzo mtu akisema "sundry" alikuwa akisema juu ya kitu kimoja kilichosimama mbali na vingine. Baadaye, kwa kuwa watu walizoea kulitumia kwa vitu vingi ambavyo kila kimoja kilisimama peke yake, maana ikasogea kidogo kidogo, kutoka kwa upekee wa kila kimoja hadi kwa wingi wa vyote, na katika karne ya 14 lilikuwa limekwisha kuwa sifa ya vitu vingi vya namna nyingi.

Safari hii si ya neno moja. Waingereza wana neno "several", ambalo leo ni baadhi au kadha, lakini asili yake katika Kilatini ni kutenganishwa, na wanasheria wao bado wanaihifadhi maana hiyo ya kale wanapoandika kwamba wadhamini wawili wanadaiwa kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Wana "diverse", lililotoka katika neno la Kilatini la kugeuka na kushika njia nyingine, na jamaa yake mmoja ni neno lao la talaka. Sisi nasi tunasema mbalimbali, na hapana asiyeona kwamba ndani yake mna mbali. Kiarabu kilitupa tofauti na anuwai, na hili la pili ni wingi wa neno lenye maana ya namna au jinsi. Ni dhahiri basi kwamba wanadamu wa lugha nyingi, walipotaka kuusifu wingi wa namna, walianza kwa kuona nafasi iliyoko baina ya kitu na kitu. Hawakuanza kwa kuona lundo. Hilo ni jambo la hekima kubwa, nami nalitia mkazo kwa sababu matumizi ya baadaye yamelifunika.

Mfano ulio bora wa maana ile ya kale na ile mpya kukaa pamoja niliuona kwa Geoffrey Chaucer, mshairi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1400. Katika utangulizi wa kitabu chake kikuu, The Canterbury Tales, anaeleza jinsi alivyokutana na wasafiri wa ziara katika nyumba ya wageni huko Southwark, ng'ambo ya mto kutoka London, nao wakiwa njiani kwenda Canterbury. Kwa wasafiri hao anatumia neno hilihili, kwa tahajia ya zama zake. Lakini hawaachi wasomaji na neno hilo. Akiisha kusema kwamba walikuwa watu wa kila namna, anaanza kuwapitia: askari wa farasi aliyetoka vitani, mtawa wa kike mwenye adabu za mezani, mfanyabiashara mwenye ndevu zilizogawanyika, msagaji wa unga mwenye kifua kipana, mkulima mwema aliyempenda jirani yake, mwanamke wa Bath aliyeolewa mara tano, na kila mmoja anampa uso wake, nguo zake na tabia yake. Hii ndiyo sababu watu hao wangali hai baada ya zaidi ya miaka 600. Lau angalitosheka na sifa ile ya jumla, tungalijua tu kwamba palikuwa na kundi.

Katika tafsiri ya Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611, Waraka kwa Waebrania unafunguliwa kwa aya ambamo "sundry" na "divers" yametumika pamoja, moja kwa nyakati na jingine kwa njia ambazo Mungu alinena na watu wa kale. Tangu hapo neno lilipata heshima ya mimbari, na hata leo msikilizaji wa Kiingereza huhisi ndani yake harufu kidogo ya ukale.

Juu ya matumizi yake, yako mambo machache ambayo mwanafunzi hana budi kuyajua. Kwanza, aghalabu hukaa mbele ya jina, nalo jina liwe la wingi: husemwa "sundry goods", bidhaa za namna kadha wa kadha, lakini masikio ya Mwingereza wa leo hayapokei vizuri usemi kwamba bidhaa hizo "are sundry". Pili, si neno la kupima. Hakuna kitu kilicho "sundry" zaidi ya kingine. Tatu, likiongezwa wingi na kuwa "sundries", huwa jina la vitu vidogo vidogo visivyo na safu yao, na Waaustralia hulitumia hata katika mchezo wa kriketi kwa mikimbio isiyoandikwa kwa jina la mpigaji yeyote. Nne, lisipimwe kwa umbo lake. Kijana mmoja wa bohari, mwenye bidii ya kujifunza, aliliona limeandikwa juu ya karatasi ya mizigo, naye akiwa mtoto wa mashamba ambako katani huanikwa juani juu ya nyaya hata ikawa nyeupe, alilikata vipande viwili akapata jua na ukavu, na akaamini kwamba shehena ile ilikuwa imekaushwa kwa jua. Karani Mkuu hakumcheka. Alimketisha, akamweleza, na akatuambia sote kwamba akili iliyotafuta maana ni akili njema, ila neno huulizwa wazazi wake kabla halijaulizwa sura yake.

Uko pia usemi wa "all and sundry", ambao hutumika kama jina, na maana yake ni watu wote pasipo kubagua. Ni usemi wa kale, uliopatikana sana katika hati za sheria za Scotland, ambamo mtawala aliwahutubia raia zake. Nilipata kuutafsiri mara moja nilipoombwa kuliandika kwa Kiswahili tangazo la bandarini lililokuwa na maneno hayo. Niliona wepesi wa kuandika "watu wote" na kuendelea mbele, lakini Karani Mkuu, aliyesoma kila kilichotoka mezani petu, aliuliza, "Na ile nusu ya pili umeipeleka wapi?" Kisha akafafanua kwamba waliounda usemi ule hawakuwa wakirudia jambo moja kwa maneno mawili. "All" huwashika watu kwa pamoja, wala hapana aliye nje. "Sundry" humgusa kila mtu mahali alipo, wala hapana awezaye kujificha nyuma ya wenziwe na kusema kwamba hakuambiwa yeye. Tangazo likatoka na maneno "kwa wote na kwa kila mmoja wao", na tangu hapo sijaona tafsiri iliyo aminifu kuliko hiyo.

Sasa nafika kwenye kiini cha habari. Nimesema kwamba neno hili lilianza kwa kukitenga kitu kimoja ili kijulikane, na sasa katika vitabu vya hesabu hutumika kuvikusanya vitu ambavyo hakuna aliyejishughulisha kuvijua. Karani Mkuu aliiona hatari hiyo kuliko yeyote niliyepata kufanya kazi chini yake. Kwa sheria yake mwenyewe, ambayo haikuandikwa katika kanuni za nyumba ile, jumla yoyote iliyowekwa katika ukurasa wa wadaiwa wengineo ilikuwa lazima ifuatwe na orodha, na katika orodha hiyo liwemo jina la mtu, jina la baba yake, mji au kijiji chake, kitu alichochukua na kiasi anachodaiwa. Vijana tulinung'unika, kwa kuwa ilikuwa kazi ya jioni nzima kwa fedha ambazo pengine hazikufika bei ya robota moja la katani. Jawabu lake lilikuwa hili: "Mwanangu, mkaguzi mwenye akili huanza na ukurasa huu, na mwizi mwenye akili huanza na ukurasa huu." Nami katika miaka iliyofuata, nilipokuwa mkubwa wa kazi mahali pengine, nilishuhudia kwamba fedha zilizopotea hazikupotea katika kurasa zenye majina makubwa, bali katika safu ya mengineyo, ambamo kila kitu kiliweza kuingia na hakuna aliyeuliza.

Lakini katika sheria ile palikuwa na jambo kubwa kupita fedha. Walioandikwa katika ukurasa ule walikuwa wavuvi waliochukua kamba na ndoana, wanawake wa Kidigo waliochukua sufuria za kupikia maandazi, wakulima wa Kibondei na Wasambaa walioshuka na mazao sokoni, mabaharia wa majahazi. Na wengi walikuwa wafanyakazi wa mashamba ya katani, waliotoka nchi za mbali, Kigoma, Njombe, Songea, Urundi na Msumbiji, wakakusanywa kwa mikataba na kuletwa kwa magari na treni. Hawa waliitwa manamba. Jina hilo limetokana na namba, kwa kuwa kila mmoja alipoandikishwa alipewa namba, na kwa namba hiyo aliitwa, alihesabiwa kazi katika kipande chake, yaani kadi yake ya kazi, na kulipwa ujira. Hapa ndipo nirejeapo kwenye miche 62 ya Hindorf. Miche hiyo twaijua hesabu yake kamili kwa sababu mtu aliikagua mmoja mmoja, akajua upi u hai na upi umekufa, na akaona kwamba jambo hilo lastahili kuhifadhiwa. Ilhali maelfu ya wanadamu walioikata mimea iliyozaliwa na miche hiyo, walioumia mikono kwa miiba yake na kuzikwa katika ardhi yake, wengi wao hawakuachiwa hata jina katika kitabu.

Alikuja dukani kwetu mmoja wao, mkataba wake umekwisha na yu tayari kurudi kwao, naye alitaka kulipa deni la blanketi na taa ya chemli alivyovichukua kwa dhamana ya nyapara wake. Alipoulizwa ni nani, alitaja namba yake, kama alivyozoea. Karani Mkuu aliifungua orodha, akaitazama, kisha akamsomea kwa sauti jina lake, na jina la baba yake, na jina la kijiji chao. Mtu yule alinyamaza muda, akasema, "Mzee, tangu nimetoka nyumbani sijamsikia mtu akimtaja baba yangu." Alilipa, akapewa stakabadhi yenye jina lake, akaaga kwa taadhima, akaenda zake. Sikumwona tena, wala sikuhitaji kuambiwa zaidi kwa nini orodha ile iliandikwa.

Nimeyafikiri mambo haya kwa miaka mingi, na mafunzo niliyoyapata ni matatu. La kwanza ni kwamba asili ya neno haiwezi kutulazimisha tulitumie kama walivyolitumia wazee, maana lugha ni ya walio hai; walakini asili hutukumbusha kile tulichokiacha njiani, na pengine tulichokiacha ndicho kilichokuwa na thamani. La pili ni kwamba wingi wa namna haujulikani kwa jumla. Mtu hawezi kudai kwamba anaupenda wingi wa makabila, wa dini, wa lugha au wa mawazo, ikiwa hana jina hata la mmoja katika hao anaowasifu kwa pamoja. La tatu ni kwamba maneno ya jumla ni ya lazima, kwa kuwa hakuna kitabu kitakachotosha kumwandika kila mtu, lakini uhalali wake hutegemea kuwapo mahali fulani orodha iliyo kamili, iliyoandikwa na mtu aliyejitaabisha.

Kiswahili chetu kina hatari hiyohiyo. Ajenda ya mwisho ya mikutano yetu ni mengineyo, na mara nyingi jambo zito huletwa hapo, watu wamechoka na wanatazama mlango. Bajeti zetu zina matumizi mengineyo. Taarifa zetu husema kwamba wadau mbalimbali walitoa maoni mbalimbali kuhusu masuala mbalimbali, na msomaji humaliza sentensi hiyo pasipo kumjua mtu, wala oni, wala suala. Sisemi maneno hayo yafutwe. Nasema yalipiwe deni lake.

Kwa hiyo nawasihi makarani, waandishi wa habari, walimu, makatibu wa mikutano na wote wanaoandika kwa niaba ya wengine: kila mwandikapo mbalimbali, mengineyo au kadha wa kadha, jiulizeni kama mnaweza kuwataja waliomo ndani yake, na kama mnaweza, watajeni, ijapokuwa ni wachache wao na ijapokuwa nafasi ni finyu. Na kama hamwezi, basi kazi ya kuuliza haijakwisha, na kalamu isitangulie kuweka nukta.